Je, Kujikinga ni Kumdharau Mgonjwa?

Huku kwetu Kisangani, mgonjwa alazwapo hospitali, jamaa zake huja pamoja naye. Humpikia, humwosha na kumgeuza kitandani. Mwuguzi akivaa glavu kabla ya kumgusa, pengine husikika mnong'ono: "Kumbe anamwonea kinyaa ndugu yetu!" Wako na wauguzi wasemao moyoni: "Huyu namjua, ni mtu wa parokia yetu, glavu za nini?" Basi, tulipime neno hili.

Tukumbuke Yambuku. Tukishuka Mto Kongo twafika Bumba, na Yambuku iko kaskazini yake. Mwaka 1976 hospitali ya misioni ya huko ilitumikiwa na masista kutoka Ubelgiji. Hawakukosa upendo. Lakini kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima. Baada ya mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, ikamchoma mwingine. Ugonjwa wa Ebola, ambao siku zile haukuwa na jina, ukapita humo. Waliugua watu 318, wakafa 280. Na katika watumishi 17 wa hospitali walikufa 11. Hatuwahukumu marehemu. Twajifunza tu kwamba moyo mwema peke yake hausafishi sindano.

Mwaka 1995, huko Kikwit, ugonjwa huo uliwaua wauguzi wengi, na kati yao masista sita waliotoka Italia. Glavu na mavazi ya kujikinga yalipotumiwa kwa bidii, maambukizo kati ya wauguzi yalipungua sana.

Sasa, ni nani hasa amdharauye mgonjwa? Ni yule achaguaye: huyu nimwogope, huyu nimwamini. Huyo ahukumu kwa nguo, kwa sura, kwa kabila; na maradhi hayaandikwi usoni. Bali yeye anawaye mikono kabla na baada ya kila mgonjwa, avaaye glavu popote penye damu, atumiaye sindano mpya kwa kila mtu, hamwaibishi hata mmoja, maana amewatendea wote sawasawa. Tena amemlinda mgonjwa wa kitanda cha pili, na watoto wake mwenyewe nyumbani.

Mwuguzi atatujibu: "Glavu zimekwisha, na bomba limekauka." Neno lake ni la haki. Mwenye madaraka asimdai mtumishi wake kazi asiyompa vyombo vyake. Lakini upungufu usigeuke kuwa mazoea, hata siku glavu zipatikanapo zikabaki sandukuni.

Nasi jamaa za wagonjwa tunayo sehemu yetu. Tuchukue ndoo ya maji na kipande cha sabuni twendapo kuuguza. Na tumwonapo mwuguzi akinawa mikono kabla ya kumgusa ndugu yetu, tusinong'one. Tumshukuru, kwa maana amemheshimu.