Kisima cha Tano

Keti hapa, mjukuu wangu. Babu yako amechoka, lakini si kiasi cha kukuachia jibu lile la jana. Ulisema umechagua sayansi za jamii, umeepukana na takwimu, kwani wewe unataka kuwa mwanahabari. Nikanyamaza. Miaka mingi ya kushika chaki imenifunza kutobishana na mtu aliyesimama mlangoni.

Lete hilo daftari. Andika: 0.4, 0.5, 0.6, 0.8, 5.2. Hizo ni miligramu za floraidi katika lita moja ya maji, kisima baada ya kisima. Visima vyenyewe nimevibuni mimi, usihangaike kuvitafuta. Jumlisha, kisha gawa kwa tano. Umepata 1.5? Vyema. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni hicho hicho, 1.5. Basi gazeti lako litaandika kwamba maji ya eneo hilo hayajavuka kikomo, na hesabu yako haitakuwa na kosa hata nukta.

Sasa nitazame mdomoni. Tazama tu, mimi si mgeni. Rangi hii ya kahawia haikuletwa na chai wala tumbaku. Nikiwa mtoto upande wa Njoro nilikunywa maji ya kisima, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, yakachipuka na madoa yake. Hakuna mswaki unaoyatoa. Bonde hili ni la volkeno, miamba ndiyo inayotia floraidi majini, na kisima kimoja hakifanani na jirani yake. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imechuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa makaa. Kichujio hicho, binti yangu, hufungwa kisimani. Hakifungwi kwenye wastani.

Nikuungamie jambo. Zamani ofisa mmoja alitusomea wastani kama huo barazani, tukapiga makofi. Nami, mwalimu wa hesabu, nikapiga. Darasani ndivyo nilivyokuwa nikifundisha: wastani wa kudhania, jedwali, ule mchoro wa ojive, alama kumi za karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE, kengele ikalia. Sikumwuliza mwanafunzi hata mmoja ni nani aliyepotelea ndani ya ile namba. Walifaulu, wengine vizuri sana.

Chukua sensa ya 2019. Kaunti ya Nakuru ilihesabiwa watu 2,162,202, sawa na kama watu 290 kwa kilomita mraba. Haya, toka nje usimame hapa mtaani kwetu Bondeni, mahali jirani akikaanga kitunguu wewe ndiye unayetokwa machozi. Hao 290 wako wapi? Kilomita hizo zimehesabiwa pamoja na hifadhi ya ziwa, kreta ya Menengai na misitu. Nyati wamegawiwa nafasi yetu.

Waziri wa Elimu alipotangaza mwaka 2025 kwamba hisabati ni lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, nzito kwa wale wa sayansi na teknolojia, nyepesi kwenu ninyi wengine, nilifurahi nusu. Nyepesi iwe ya milinganyo, sawa. Takwimu wasiwapunguzie, maana injinia hufanya kazi na wenzake wa kumkagua, lakini wewe utasomwa na mama aliye kisimani ambaye hana kikokotoo.

Panga tena namba zako kutoka ndogo hadi kubwa. Ya katikati ni 0.6. Umeona ilivyo mbali na 1.5? Ukiona pengo kama hilo, usiandike bado. Vaa viatu uende.

Unauliza hicho cha tano hunywa nani? Ndivyo, mama. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja tangu jana. Na ule mtungi ulioletwa na mkokoteni asubuhi usiuingize jikoni, hatujajua maji yake yametoka wapi. Ufulie nguo.