Deni Lisilodaiwa

Kazi ya hiari ni kazi aifanyayo mtu bila ya kuamrishwa na bila ya kudai ijara. Maana yake ni nyepesi kueleza. Sababu yake ni nzito kupambanua. Siku ya mtu ni fupi, na nguvu zake zina kikomo. Kwa nini basi atoe bure kitu ambacho angeweza kukiuza?

Wako wasemao kuwa hapana cha bure duniani. Kwa rai yao, mwenye kujitolea hununua sifa, au thawabu, au raha ya moyo. Rai hii ina chembe ya kweli. Katika ujana wangu nilifundisha kwa miezi michache bila ya mshahara, kwa kuwa nilitaka cheti cha kunipatia kazi. Nilipokipata sikurudi tena. Kazi ile haikuwa na ijara, walakini haikuwa hisani. Ilikuwa biashara iliyochelewa kulipwa.

Lakini kosa langu si kipimo cha watu wote. Mwaka 1970 ulitangazwa na Rais Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania. Walimu wa shule hawakutosha. Hata vijana waliomaliza shule ya msingi walishika chaki. Posho yao, walipoipata, haikuweza kulisha nyumba. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1975, baada ya mtihani wa nchi nzima, walihesabiwa kuwa 39.

Bibi yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Tangu hapo hadi kufa kwake alisoma barua za wanawe mwenyewe, wala hakulazimika tena kumfunulia jirani siri ya nyumba yake. Jina la mwalimu wake alitutajia mara nyingi. Sisi wajukuu tumelisahau. Kama sifa ndiyo ijara, mwalimu yule amedhulumiwa. Kama ni raha ya moyo, raha hufuata tendo jema kama kivuli kimfuatavyo mtu. Wala hapana atembeaye ili apate kivuli.

Naona sababu iliyo kongwe zaidi. Kila mmoja wetu alibebwa kabla ya kutembea, na alifundishwa kusema na watu wasiompelekea hesabu. Deni hili haliwezi kurudishwa kwa waliotukopesha. Hulipwa kwa wengine. Hapana mahakama inayolidai, na kwa hiyo kulilipa ni hiari. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Anayetozwa faini kwa kutofika kazini hajitolei. Na serikali inayotegemea jasho la bure mahali pa mshahara wa haki hugeuza hisani kuwa dhuluma.

Mimi nilikipata cheti changu. Nimekihifadhi hata leo, na kila nikionapo hunikumbusha wanafunzi niliowaacha katikati ya kitabu.