Deni la Utotoni: Uaminifu na Usaliti katika Ufufuaji wa X-Men

Anayesimulia upya hadithi iliyopendwa na watoto huingia katika deni ambalo hakulikopa yeye. Hadithi ameikuta imekwisha kushikwa na nyoyo za watu, na watu hao, ambao sasa wamekua, hudai warudishiwe kitu ambacho wao wenyewe hawawezi kukitaja kwa usahihi. Je, wanadai nini hasa? Na je, fanani mpya analazimika kuwalipa? Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuuangalia mfululizo wa vibonzo uitwao X-Men '97, ambao kampuni ya Disney ilianza kuuonyesha tarehe 20 Machi 2024, ukiwa ni mwendelezo wa ule uliorushwa nchini Marekani na Fox Kids tangu Oktoba 1992 hadi Septemba 1997, jumla ya sehemu 76. Huenda mhakiki aliyezoea riwaya na tenzi akaona kwamba vibonzo si mada ya wasomi. Dharau hiyo haina msingi. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, aliianzisha elimu ya walinzi wa dola kwa hadithi wanazosimuliwa watoto, kwa kuwa aliamini kwamba yale yanayopokewa katika umri huo hayafutiki kwa urahisi.

Masimulizi yenyewe yanahusu watu wanaozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida, wanaoitwa mutanti, ambao huchukiwa na jamii ile ile wanayoilinda. Profesa Xavier anaamini kwamba pande mbili hizo zinaweza kuishi pamoja. Magneto, rafiki yake wa zamani, haamini hivyo. Mfululizo wa kwanza ulikoma Xavier akiwa mahututi na kuchukuliwa nje ya dunia, na ule mpya unaanzia pale pale, mwaka mmoja baadaye. Watayarishaji walijitahidi kurejesha kila kilichoweza kurejeshwa: muziki wa ufunguzi, mavazi, mtindo wa uchoraji, hata sauti. Cal Dodd, Lenore Zann, George Buza na Alison Sealy-Smith waliitwa tena, sauti zao zikiwa zimezeeka kwa zaidi ya robo karne ilhali wahusika wao wameongeza mwaka mmoja tu. Norm Spencer, aliyekuwa sauti ya Cyclops, alifariki mwaka 2020, na nafasi yake ikashikwa na mwigizaji mwingine. Pengo hilo dogo linasema mengi kuliko uaminifu wote wa mavazi na muziki, kwani ndipo wakati unapopenya katika kazi iliyokusudia kuuzuia nje.

Inafaa hapa kutofautisha madai mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mtoto anayeitikia "hadithi njoo" hutaka takriri. Fanani akiruka neno moja la fisi, au akimwingiza sungura kabla ya wakati wake, mtoto humkatiza na kumsahihisha, naye fanani hutii. Takriri ni haki ya mtoto, kwa sababu kwayo anajifunza kwamba ulimwengu una mpangilio. Mtu mzima anapodai takriri ile ile, anadai jambo jingine kabisa: kwamba miaka iliyopita kati yake na hadithi ihesabiwe kuwa haikupita. Dai hilo hakuna msanii anayeweza kulitimiza, na anayejidai kulitimiza anauza uongo, hata kama ni uongo mtamu.

Aidha, uhusiano wa fanani na hadhira haupo hapa katika sura tunayoijua. Katika utambaji wa jadi, hadhira humwona msimulizi, humkatiza, na kama hamridhishi huondoka akiona. Hadithi ya jadi haina mwenyewe, na kwa hivyo kila mtambaji huwa mwenyewe kwa usiku mmoja. Hadithi ya X-Men ina mwenyewe, tena mwenye hati: Disney iliinunua kampuni ya Marvel mwaka 2009. Beau DeMayo, aliyeongoza uandishi wa X-Men '97, aliachishwa kazi mwezi Machi 2024, siku chache kabla ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa, na masimulizi yakaendelea kutolewa wiki baada ya wiki kana kwamba hayakuwa na kinywa yalikotoka. Kwa hiyo swali la deni linapoulizwa, ni vigumu hata kumjua mdaiwa.

Uzito wa suala unadhihirika katika sehemu ya tano, ambapo kisiwa cha Genosha kinaangamizwa. Mutanti wamepata taifa lao, limetambuliwa na Umoja wa Mataifa, na usiku wa sherehe jitu la chuma lenye vichwa vitatu linawashukia na kuwachinja. Gambit, mcheza karata mwenye mizaha ambaye watoto wa miaka ya tisini walimpenda pengine kuliko wote, anakufa akilizuia. Rogue, mwanamke ambaye tangu ujana wake hawezi kumgusa mpenzi bila kumnyonya uhai, anabaki ameikumbatia maiti ya Gambit; sasa anaweza kumshika bila kumdhuru. Ni tukio lisilokuwa na kifani katika mfululizo wa kwanza. Hapo ndipo wako watazamaji watakaouliza: hadithi iliyonifariji nikiwa mdogo ina haki gani ya kunivunja moyo nikiwa mkubwa?

Jibu linapatikana katika mfululizo wa kwanza wenyewe, kwa anayeukumbuka vizuri. Mwaka 1993 watoto walionyeshwa Genosha kwa mara ya kwanza, na haikuwa bustani. Ilikuwa kisiwa cha watumwa. Storm, Gambit na Jubilee walifika huko kama wageni wa mapumziko, wakafungwa kola za kuwanyang'anya vipawa na kulazimishwa kujenga bwawa. Hofu ilikuwamo tangu mwanzo. Ila runinga ya watoto ilihitaji kuituliza kabla ya matangazo ya biashara. Hata kifo kilipotajwa kilirudishwa nyuma: Morph aliuawa katika hadithi ya ufunguzi ya 1992, kisha akarejeshwa katika msimu wa pili. Waandishi wa 2024 hawakuusaliti utoto wa mtazamaji kwa kuiangamiza Genosha. Waliyachukua kwa uzito yale yaliyosemwa kwa mtoto kwa sauti ya chini, wakayasema kwa sauti ambayo mtu mzima anastahili kuisikia. Kumficha ukweli mtu mzima kwa kisingizio kwamba aliwahi kuwa mtoto ni aina ya dharau.

Hata hivyo, kuna sharti. Huzuni inayoombwa kwa hadhira lazima iwe na thamani, na thamani yake ni kwamba kilichopotea kimepotea. Kila anayeusikiliza utenzi wa Fumo Liyongo, ama ule aliouandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913 ama usimulizi wa kinywa tu, anajua kwamba shujaa atachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na jamaa yake wa damu. Hakuna mtambaji aliyethubutu kumponya, na ndiyo maana vizazi vimeendelea kumlilia. X-Men '97 haina uthabiti huo. Mwishoni kabisa mwa msimu, Apocalypse, adui wa kale, anaonyeshwa akiokota karata ya Gambit katika magofu ya Genosha, ishara ya wazi kwamba marehemu hakuachwa apumzike. Machozi ya sehemu ya tano yanageuzwa kuwa ahadi ya msimu ujao. Hapa ndipo lawama inapostahili kuelekezwa, wala si kwenye mauaji yenyewe: si kosa kumuua kipenzi cha watoto, ila ni kosa kuwakopesha watu msiba halafu ukawatoza riba.

Lipo tena jambo ambalo mjadala wa uaminifu hulipita bila kuligusa, nalo linamhusu mtazamaji wa Afrika Mashariki kuliko mwingine yeyote. Katika vitabu vya Marvel, ambamo Genosha ilibuniwa mwaka 1988, kisiwa hicho kimewekwa katika Bahari ya Hindi, mbele ya pwani ya Afrika, karibu na Madagaska. Wakati huo sera ya ubaguzi wa rangi ilikuwa bado inatawala Afrika Kusini, na wasomaji wengi wameisoma Genosha kama istiara yake. Lakini bahari hiyo ina historia yake isiyohitaji istiara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na miaka miwili baadaye kijiji cha Freretown kilianzishwa Mombasa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Waandishi wa Marekani walikiweka kisiwa cha utumwa katika maji haya haya bila dalili ya kujua ni maji gani.

Storm mwenyewe ni ushahidi wa pili. Len Wein na Dave Cockrum walipomuumba mwaka 1975, walimfanya Xavier amkute Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Mama yake, kwa mujibu wa vitabu, ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya aitwaye N'Daré, jina ambalo tahajia yake haifanani na ya lugha yoyote ya nchi hii. Mfululizo wa kwanza ulimwongezea mtoto wa kulea aitwaye Mjnari, na ulimi wa Mswahili hukwama hapo hapo kwenye silabi ya kwanza. Si makosa ya kuchekwa tu. Huyu ndiye mwanamke wa asili ya Kenya aliyewafikia watoto wengi zaidi ulimwenguni kupitia runinga, na waliomchora hawakuona haja ya kumuuliza mtu yeyote jina.

Ufufuaji ulikuwa fursa ya kuyasahihisha haya. Waandishi wa 2024 walithubutu kumuua Gambit; walithubutu kumwonyesha Magneto akistahili kusikilizwa. Hadithi ya Storm waliyoichagua ni ile ya vitabu vya 1984: anapoteza kipawa chake, anajitenga nchini Marekani kwa Forge, anashuka chini ya ardhi mahali anapopaogopa tangu utotoni, kisha anapaa tena. Ni hadithi nzuri, na sauti ya Sealy-Smith, mzaliwa wa Barbados, inaibeba kwa heshima. Lakini uaminifu wa wafufuaji ulikuwa kwa karatasi za Marvel na kwa kumbukumbu ya mtazamaji wa Marekani. Bara alikotoka mama yake lilibaki pale pale lilipoachwa mwaka 1975. Na usiku Genosha ilipoteketea, kisiwa ambacho Storm aliwahi kufungwa kola, katika bahari inayopiga ufuko wa nchi ya mama yake, yeye hakuwapo.