Achukuaye Ufunguo Achukue na Safari

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Neno hilo twalisikia msibani, twalisikia hospitalini, na mara nyingi latufariji. Lakini lipo swali lisilojibiwa na neno hilo. Mtu aliyejua kwa mwaka mzima kwamba macho yake yamepungua nguvu, naye akaendelea kushika usukani, siku akimgonga mtoto njiani, je, hiyo ni ajali tu? Na wanawe waliolijua jambo hilo wakanyamaza kwa heshima, je, wao hawamo?

Swali hili si la nchi za mbali. Simama karibu na Mnazi Mmoja, katika Mchafukoge, yapata saa kumi na moja jioni. Wachukuzi watoka Kariakoo na marobota vichwani. Mikokoteni yasukumwa katikati ya magari. Bodaboda na bajaji zapenya kila upande. Watoto wa shule wavuka barabara wameshikana mikono. Katika msongamano huo tumfikirie mzee wa miaka 74, mwenye duka, aliyeendesha gari tangu ujana wake wala hajapata kumgusa mtu. Afunga duka, aingia garini, ashika Barabara ya Morogoro kuelekea Magomeni. Jua lililokwisha kuinama lampiga usoni. Kijana hupepesa macho, mara akaona tena. Mzee huona weupe kama wa ukungu kwa muda, na katika muda huo gari haliachi kwenda.

Gari liendalo mwendo wa kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Anayechelewa sekunde moja tu kukanyaga breki amekwisha kupita mahali aliposimama mtoto. Hilo si kosa la moyo wake, wala si upungufu wa ujuzi wake. Ni mwili uliochoka. Mtoto wa jicho hutia utando katika kuona, na taa za gari lijalo usiku zikatawanyika machoni. Presha ya macho, bila maumivu yoyote, hula uwezo wa kuona pembeni, upande ule ule atokeako mwenye mkokoteni. Shingo hukakamaa, mtu asigeuke vema kutazama nyuma. Dawa nyingine huleta usingizi. Na ubaya wa mambo haya ni kwamba huja polepole. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini ambaye kuona kwake kwaondoka kidogo kidogo, aghalabu yeye ndiye wa mwisho kujua.

Tusije tukawaonea wazee. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka, na ajali hizo ndizo ziuazo kuliko sababu nyingine yoyote watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sehemu kubwa ya msiba huo yatokana na mwendo wa kasi, ulevi na pupa, nayo si sifa za wazee. Mzee mara nyingi huenda taratibu, huacha kusafiri usiku, huwapisha wenzake. Wapo wenye miaka 80 ambao twaweza kuwakabidhi watoto wetu bila hofu, na wapo wenye miaka 25 ambao tusingewakabidhi hata kuku. Kwa hiyo hatusemi kwamba umri ni hatia. Twasema kwamba wema wa mtu hauyarudishii macho yake nuru.

Je, sheria haitoshi? Mwaka 2019 muda wa leseni ya udereva nchini Tanzania uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Kwa mtu wa miaka 30 hiyo ni nafuu njema, maana macho aliyo nayo leo atakuwa nayo hata siku ya kuihuisha. Lakini kwa mtu wa miaka 74, miaka mitano ni mingi. Uingereza leseni huhuishwa kila miaka mitatu tangu mtu afikapo miaka 70, ingawa yeye mwenyewe ndiye ashuhudiaye afya yake. Japani, mwenye miaka 75 au zaidi hupimwa kumbukumbu kabla ya kuihuisha. Kanuni za namna hiyo zingefaa hata kwetu, mradi ziyapime macho na akili, wala zisimhukumu mtu kwa kuhesabu miaka. Na mradi kipimo kiwe kipimo kweli, kwa bei anayoiweza mstaafu. Hata hivyo sheria huja mara moja baada ya miaka kadhaa. Kila asubuhi katikati ya hapo, mlinzi pekee ni dhamiri.

Mwaka huo huo wa 2019 ulimwengu ulionyeshwa mambo mawili. Mwezi Januari, karibu na Sandringham, Uingereza, gari la Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, liligongana na jingine likapinduka. Alikuwa na miaka 97. Alieleza baadaye kwamba jua lilikuwa limeinama likamziba macho. Wanawake wawili katika gari la pili waliumia, na mtoto mchanga waliyekuwa naye akasalimika. Baada ya wiki zipatazo tatu mzee huyo aliirudisha leseni yake kwa hiari. Mwezi Aprili, katika mtaa wa Ikebukuro mjini Tokyo, dereva wa miaka 87 aliwagonga mama na binti yake wa miaka mitatu waliokuwa juu ya baisikeli, wakafa wote wawili. Mahakamani alishikilia kwamba gari ndilo lililoharibika. Mwaka 2021 mahakama ikaona kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki, ikamhukumu kifungo cha miaka mitano. Katika mwaka ule wa msiba, Wajapani wapatao 600,000, wengi wao wazee, walizirudisha leseni zao wenyewe.

Mmoja alipewa onyo, mwingine hakupewa. Walipowasha magari yao, hakuna aliyejua lililomngojea njiani. Hapo ndipo lilipo fundisho: hatuwezi kungoja onyo, kwa sababu onyo lenyewe laweza kuwa maiti ya mtoto wa mtu.

Sasa tuwageukie wana. Katika nyumba nyingi hali ni hii: mama ameona, wakwe wameona, wajukuu wamekwisha kuhesabu mikwaruzo ubavuni mwa gari, lakini hapana athubutuye kusema. Twaita hiyo heshima. Tuchunguze vema, labda tutaona ni hofu tu. Na pengine ni faida yetu, kwa kuwa mzee huyo ndiye awapelekaye watoto shule nasi twapata kulala kidogo. Amri ituagizayo kuwaheshimu baba na mama hufuatwa mara na ile ikatazayo kuua. Mtoto anyamazaye hudhani ameishika ya kwanza, kumbe ameiacha ya pili mlangoni. Kumheshimu baba si kumwacha aje kulia machozi ya majuto akiwa na miaka 75.

Lakini upo upande mwingine, nao husahauliwa. Katika nchi yetu gari la mzee si chombo cha starehe. Ndilo lililompeleka binti kujifungua usiku, ndilo lililobeba maharusi, ndilo lililofuata jeneza la jirani. Mwenye ufunguo ndiye aitwaye penye shida. Anayemnyang'anya ufunguo huo na kumwacha barazani hapo amemwondolea gari pamoja na nafasi yake kati ya watu. Atakwendaje dukani? Atakwendaje kliniki, au ibadani, au kumtazama rafiki yake mgonjwa? Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, husimama Fire na Kisutu, nayo ni msaada mkubwa kwa watu wa mjini. Lakini katika msongamano wa jioni si kila goti la mzee laweza kusimama mpaka Kimara. Mzee akikataa kuutoa ufunguo, mara nyingi si ukaidi. Anauliza swali la haki ambalo hapana aliyemjibu.

Basi neno letu ni hili: achukuaye ufunguo achukue na safari. Mwana asiende kwa baba yake na amri mkononi. Aende na ratiba. Amwambie, "Shikamoo baba. Ulituendesha tulipokuwa hatuna miguu. Sasa ni zamu yetu. Kesho twende wote tukapime macho. Daktari akisema wafaa, utaendelea mchana, nasi hatutasema neno. Akisema hufai, Jumatatu na Alhamisi nitakupeleka dukani mimi, na Jumapili atakuja mdogo wangu." Kisha ayatimize. Mwana atakayeahidi hayo na kuyasahau baada ya mwezi mmoja hana haki ya kushangaa akimkuta baba yake tena kwenye usukani.

Nanyi wazee wetu, msingoje kuambiwa. Mjipime wenyewe. Mkiona mwaogopa taa za usiku, mkiona honi zawajia kutoka upande ambao hamkuona gari, mkiona njia ya zamani yawachanganya, hizo ni habari, zisikilizeni. Ufunguo unaonyang'anywa huacha uchungu nyumbani kwa miaka. Ufunguo unaotolewa mezani na mkono wa mwenyewe, mbele ya watoto, ni tendo la mamlaka. Na watoto watalikumbuka siku macho yao wenyewe yatakapoanza kufifia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Duka litaendelea kuwa lake, shauri litaendelea kuwa lake, na kiti cha mbele garini ni chake vilevile.

Jioni ya leo jua litainama tena juu ya Barabara ya Morogoro, na watoto watavuka Mnazi Mmoja wameshikana mikono. Kila nyumba yenye gari na mzee iulize kabla ya hapo: ni nani kati yetu ajuaye, naye bado amenyamaza?