Bunduki Katika Basi la Watu Wote

Abiria apandaye basi alfajiri pale Newala kuelekea Masasi huacha nyuma yake ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, karibu na mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo jicho hulitazama bonde la Ruvuma na, ng'ambo yake, nchi ya Msumbiji. Ndani ya basi amebanana na watu asiowajua: mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi anayerudi shuleni, mzee na kikapu chake cha kuku. Yeye hakuwachagua, wala wao hawakumchagua. Na mara nyingi, mbele yake, husoma maneno tuyajuayo sote: Abiria chunga mzigo wako. Basi, wasomaji wetu, leo twauliza: ikiwa mzigo wa jirani yake ni bunduki, ni nani auchunge?

Wako watakaosema kwamba mwenye bunduki ni mhalifu tu, na kesi imekwisha. La, sivyo. Katika sehemu zile bunduki ina sababu zake za haki. Mkulima wa muhogo na mahindi hukesha shambani akiwafukuza nguruwe mwitu, ambao kwa usiku mmoja waweza kuteketeza kazi ya msimu mzima. Nao simba huwafuata nguruwe. Wataalamu walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba katika Tanzania tangu mwaka 1990 hadi 2004, na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa ile iliyoumia zaidi. Mtu aliyeshika bunduki yenye leseni ili kuilinda nyumba yake na hatari ya namna hiyo hastahili kulaumiwa. Afanya kazi ya baba wa nyumba.

Tena iko hofu ya binadamu. Tangu Oktoba 2017 vita vimeitesa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi. Mwezi Oktoba 2020 wenye silaha walivuka mto Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Asafiriye njia za kusini akiyakumbuka hayo, akatamani kuwa na silaha kando yake, tusimcheke. Wazee walisema: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Naye mwenye leseni aweza kutuuliza: "Serikali imeniamini nyumbani kwangu, mbona nisiaminiwe ndani ya basi?"

Swali hilo ni zito, nalo lastahili jibu lenye sababu, si kemeo.

Kwanza tukiri kwamba sheria za bunduki hazikuanza kwetu kwa nia njema. Baada ya Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani waliwapokonya watu wa kusini bunduki zao ili wasiinuke tena. Sheria ile ilimkinga mtawala na raia; haikumkinga raia na mwenziwe. Si ajabu, basi, ikiwa baadhi yetu bado twaiona kila sheria ya silaha kama mkono wa mgeni. Lakini sheria tuliyo nayo leo, ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ilitungwa na Bunge letu wenyewe, ikachukua mahali pa ile ya mwaka 1991. Yamtaka kila mwenye silaha awe na leseni, ili ajulikane na aweze kuulizwa. Kumwuliza mtu habari za chombo kinachoweza kuua si kumdharau.

Pili, tutazame haki yenyewe ya kujikinga. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alifundisha kwamba ni halali mtu kuukinga uhai wake kwa nguvu, mradi nguvu hiyo isipite kiasi kinachohitajiwa. Ikipita kiasi, tendo lililokuwa halali lageuka kuwa haramu. Haki ya kujikinga, basi, haiji peke yake. Yaja pamoja na wajibu wa kupima.

Sasa twamwomba mwenye bunduki apime. Shambani yuko yeye na mnyama, na nyuma ya mnyama ni pori. Katika basi, nyuma ya mtu mbaya yuko mtoto, na nyuma ya mtoto yuko mama yake. Gari layumba, watu wapiga kelele, wengine wanainuka na wengine wanalala chini. Risasi haina macho; ikitoka haiwezi kurudishwa. Mpiga shabaha hodari wa porini hana njia ya kupima humo, hata akitaka kwa moyo wake wote. Na hapo twazungumza habari za mtu mwema na mwenye akili timamu. Je, akisinzia njiani na mwizi akauvuta mfuko wake? Je, ugomvi wa kiti ukiwaka kati yake na jirani? Bunduki iliyopakiwa kwa ajili ya jambazi ambaye pengine hatatokea kamwe yakaa saa zote za safari kati ya watu ambao hakika wamo.

Tatu, ambalo kwetu ndilo kubwa zaidi: abiria hawezi kuondoka. Nikimwona mtu mwenye silaha sokoni, naweza kupita njia nyingine. Akija nyumbani kwangu, naweza kumwambia aiache nje. Katika basi lililokwisha ondoka sina hiari hiyo. Mwenye kuificha bunduki chini ya kiti amewaingiza wenzake wote katika hatari ambayo hakuwauliza kama waikubali. Leseni yampa ruhusa kati yake na Serikali; haimpi ruhusa ya kuwaamulia watu hamsini.

Mataifa yameuelewa ukweli huu kwa upande wa ndege. Tangu mwaka 1974 ziko kanuni za kimataifa za usalama wa safari za anga, na leo abiria aondokaye Mtwara kwa ndege hukaguliwa mwili na mizigo, wala hakuna aonaye ametukanwa. Aendaye kwa basi, kwa desturi, hatazamwi na mtu. Je, uhai wa mwenye nauli ndogo ni mdogo kama nauli yake? Hata Marekani, nchi ipendayo bunduki kuliko nyingi, jambo hili limezua mabishano. Mwezi Juni 2022 Mahakama Kuu ya nchi ile iliipanua haki ya raia kutembea na bastola; jimbo la New York likatunga mwaka uleule sheria ya kuzikataza katika mabasi na treni.

Mtu atasema: "Je, askari?" Askari anayesindikiza basi kwa amri hubeba silaha kwa niaba ya wote, ana mkubwa wa kumwuliza, na kila risasi yake ina hesabu. Ikiwa njia ni ya hatari, dai letu la haki ni kwamba Serikali itulinde, si kwamba kila mmoja wetu awe jeshi lake mwenyewe.

Tena usalama mwingi huja kwa njia isiyo na mlio. Zamani mwenye korosho alisafiri na fedha taslimu, akiogopa kila kona. Tangu mwaka 2007 ulianza Mtwara utaratibu wa stakabadhi ghalani, na siku hizi malipo ya mkulima hupitia benki. Hofu ile imepunguzwa na daftari, kalamu na uaminifu wa watu, wala hapakuhitajika bastola.

Basi, twashauri hivi. Mwenye haja ya kweli ya kuisafirisha bunduki yake, labda amehama au aipeleka kutengenezwa, na aende kwanza polisi aulize namna iliyo halali. Asiipande nayo basi kwa siri, wala isiwe na risasi ndani. Wenye mabasi na makondakta wasione haya kuuliza, wala abiria wasione haya kusema walichokiona. Naye mwenye gobore lisilo na leseni asingoje kukamatwa. Mara kadhaa Serikali imetangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na asikiapo tangazo la namna hiyo afanye haraka.

Twajua kwamba atiiye haya aweza kujiona mnyonge njiani. Mwenye nguvu amekubali kuketi mikono mitupu kati ya wasio na kitu. Lakini yule mama mwenye mtoto mgongoni husafiri hivyo kila siku, toka Newala hadi Masasi, akiwategemea wenzake tu. Twamwomba mwenye bunduki asafiri kama yeye.