Sehemu ya Aliyelinda Vyombo

Somo: 1 Samweli 30:1-25



Kila tarehe 25 Julai Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yakobo Mtume, mwana wa Zebedayo, aliyeuawa kwa upanga kwa amri ya Herode. Tarehe iyo hiyo Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Hatudhani kwamba waliopanga tarehe ya Serikali walikuwa wakimfikiria Yakobo, lakini siku hizo mbili zimekutana, na Mkristo akitoka Misa asubuhi huweza kukaa karibu na redio akasikiliza jinsi mashujaa wanavyokumbukwa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mishale. Halafu huja mzee, mwakilishi wa askari wa zamani wa Tanzania Legion, naye huweka shoka. Tarumbeta hulia, watu hunyamaza, na shughuli huisha.

Sisi twapenda kuuliza neno moja tu juu ya wazee wa namna ile, ambao wengine wao twaishi nao hapa Makongolosi. Jua likizama, wanalala wapi?

Hili si swali la siasa. Ni swali la Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, watu wanapokusanyika kwenda vitani, maakida wanaamriwa kwanza kuuliza kama yuko mtu aliyejenga nyumba mpya na hajaingia ndani yake. Mtu huyo arudi nyumbani. Kabla ya kuuliza nani ana mkuki, Torati iliuliza nani ana nyumba. Mungu alijua tangu zamani kwamba askari ni mtu mwenye paa, au asiye na paa, na kwamba jambo hilo haliishi vita vinapokwisha.

Sasa tulitazame somo letu. Daudi na watu wake 600 walirudi Siklagi wakakuta mji umechomwa moto, wake zao na watoto wao wamechukuliwa mateka na Waamaleki. Wanaume hao, watu wa vita, walilia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Kisha wakaondoka kuwafuatia adui. Penye kijito cha Besori watu 200 walikuwa wamechoka mno wasiweze kuvuka, wakabaki na vyombo. Wenzao 400 wakaenda, wakapiga, wakarudi na kila kitu. Ndipo baadhi ya hao 400, ambao Biblia haioni haya kuwaita waovu, wakasema kwamba waliobaki wasipewe nyara. Wapewe wake zao na watoto wao tu, waende zao.

Daudi akakataa. Akaamuru kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa penye vyombo yawe sawasawa, na tangu siku ile likawa agizo katika Israeli. Tuangalie sana hapo. Daudi hakuwabembeleza wale 400 wawe na huruma. Aliweka sheria. Fungu la mlinzi wa vyombo halikuwa sadaka, lilikuwa haki yake.

Katika nchi yetu hii ya Nyanda za Juu walinzi wa vyombo ni wengi kuliko tunavyokumbuka. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini yakachukua Tukuyu, halafu Njombe, na Agosti mwaka huo Iringa. Askari hawakujibebea chakula wala risasi. Walibeba wapagazi, kichwani, milimani, katika mvua. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wapatao 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Kumbukumbu yao kubwa kupita zote hapa nchini ni jina la soko: Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, na kila siku watu huenda pale kununua vitenge wala hawajui kwamba wanataja jina la marehemu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Radhi ni njema. Ilichelewa miaka mia moja na zaidi, na hakuna mjane wa mpagazi aliyekuwa hai kuisikia.

Katika vita ya pili vijana wa Tanganyika waliingia King's African Rifles, ile ambayo wazee waliiita Keya, wakapigana Abisinia, Madagaska na Burma. Waliporudi walipewa kiinua mgongo kwa kuhesabu miezi ya utumishi. Maandishi ya serikali ya kikoloni yaliyofichuliwa mwaka 2019 yaonyesha kwamba askari Mzungu wa cheo cha chini kabisa alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Risasi za Burma hazikuwa na hesabu mbili. Mwaka 2018 Waingereza walitangaza fedha kwa ajili ya askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, shabaha ikiwa wazee hao waweze kula milo miwili kwa siku. Tusome tena: milo miwili. Wakati huo kijana aliyeingia Keya mwaka 1942 akiwa na miaka 18 alikuwa na miaka 94.

Tunayasema haya si kwa ajili ya kuwalaumu Waingereza, maana ni rahisi kumlaumu aliye mbali. Tuje kwetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa vita. Jeshi peke yake halikutosha. Waliitwa Polisi, Magereza, vijana wa JKT, na mikoa ikaambiwa itoe mgambo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapema Juni vita vikafika mwisho. Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na ziko nyumba ambazo mikanda yao haijafunguliwa hadi leo.

Askari wa kudumu waliendelea na kazi, wakastaafu, wakapata pensheni yao Hazina. Hata hao, jambo la nyumba huwasumbua. Mtu amekaa kota miaka yote, amezaa na kulea ndani ya kota, na siku ya kustaafu anarudisha ufunguo pamoja na sare. Asiyekuwa amejenga mapema huanza kufyatua tofali akiwa na mvi. Lakini mgambo hakuwa na kota wala pensheni. Alitoka shambani na jembe, akapewa bunduki, na vita vilipokwisha wengi walirudishwa kwenye jembe lile lile. Hao ndio watu wetu wa Besori. Na nyuma yao wako wake zao, waliobaki na vyombo kwa maana halisi kabisa: na sufuria, mbuzi na watoto.

Injili ya siku ya Mtakatifu Yakobo yatusimulia habari za mama yake akimwombea kwa Bwana kiti cha heshima. Tumezoea kumcheka kidogo mama huyu katika mahubiri. Lakini mwanawe mmoja alikuja kuuawa kwa upanga, na Maandiko hayasemi ni nani aliyemtazama mama baada ya hapo. Twajua tu kwamba katika Kanisa lile lile la Yerusalemu, sura chache nyuma ya kifo cha Yakobo, wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku mpaka manung'uniko yakatokea. Ikiwa Mitume wenyewe waliweza kusahau, sisi wa Makongolosi tusijione salama.

Nasi tuna sababu zaidi ya kusahau. Mji wetu ni mji wa dhahabu. Tangu miaka ya 1920 watu wamekuwa wakija bonde hili la Lupa na sururu na karai, kutoka kila kabila, wakitumaini kukaa mwaka mmoja. Nao wamezeeka hapa. Miongoni mwao wako waliovua sare wakaja kuchimba. Mtu wa namna hiyo akianguka hana mjomba wa kumwita wala shangazi wa kumpikia uji. Nyumba yake ni ya miti na udongo, aliyoijenga kama kambi, na sasa mchwa wamefika kwenye kenchi. Kwa mtu kama huyo, usharika ndio ukoo.

Katika kikao cha Halmashauri ya Mtaa mwenzetu mmoja aliuliza: kwa nini askari? Wazee wa mashimoni, ambao vifua vyao vimeharibika kwa vumbi la mawe, nao si hawana kitu? Swali lake ni zuri, wala hatutaki kulijibu kwa kumsukuma mchimbaji nyuma. Mwenye njaa ni mwenye njaa. Ila mchimbaji alitumwa na tumaini lake mwenyewe, au na tajiri wake. Mgambo alitumwa na sisi. Alichaguliwa katika mkutano wa kijiji, tukampigia makofi akipanda lori. Anayemtuma mtu hana ruhusa ya kumsahau. Mwingine alisema kwamba hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na tuendelee kuikumbusha, kwa heshima na kwa maandishi. Lakini mvua za Novemba hazisubiri majibu ya barua.

Basi tufanye nini? Tunaona mambo mawili ambayo yako ndani ya uwezo wetu, na la kwanza litawashangaza baadhi yenu kwa kuwa halina gharama. Ni karatasi.

Kuna kisa kinachosimuliwa cha mwaka 1964, wakati Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani wa Jenerali von Lettow-Vorbeck waliokuwa wakidai tangu 1918. Wazee walikusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine hawakuwa na kitu. Mlipaji akaamua kumpa kila mmoja ufagio auinue kama bunduki, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Na inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Watu hucheka wakisikia. Sisi hatuchekelei sana, maana mjane hawezi kupimwa kwa ufagio. Mume ndiye aliyejua gwaride, na mume amekufa.

Mjane huulizwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya msimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Huyu mama hasomi vizuri, na kutoka hapa hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 100, kupitia baridi ya Kawetire, na nauli haipatikani mara tatu. Lakini ndoa yake ilifungwa kanisani! Daftari la ndoa limo ndani ya kabati, na jina lake limo, na majina ya mashahidi. Daftari lile ni shahidi asiyekufa. Tumeomba, na Padre amekubali, kwamba kila Jumamosi ya pili na ya nne walimu wastaafu watakaa chumba cha mkutano kuwasaidia wajane na wazee kutafuta majina yao katika madaftari, kujaza fomu, na kuwaandikia barua. Hakuna malipo. Atakayedai hata soda atajwe kwa Padre.

Liko neno moja la kuwaambia wanaume wa ukoo, hata kama hawatapenda. Marehemu akizikwa, huwa wako ndugu wanaokuja na lori kabla ya arobaini, wakachukua mabati na kumwambia mjane arudi kwao. Huyo ni mtu wa wale 400 waovu, tena mbaya zaidi, maana wale angalau walikuwa tayari kumrudishia mtu mke wake na watoto wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi. Wazee wa Kanisa watakaoona lori la namna hiyo wasikae kimya kwa kuogopa kuitwa wambeya.

Jambo la pili ni paa. Huu ndio wakati wa kiangazi, tofali zinakauka vizuri, na vijana wengi wana nafasi kati ya zamu na zamu. Akina mama wa Umoja wamezunguka wakaona nyumba zinazohitaji msaada. Yako mahali ambapo ukuta wa nyuma umeanguka wote na turubai ndilo linaloshikilia heshima ya mwenye nyumba. Tumekubaliana kuanza na nyumba za wajane, kisha wazee waishio peke yao, na hatutauliza kama aliye ndani ni mtu wa Misa au si mtu wa Misa. Choo kitachimbwa pamoja na nyumba, maana mzee wa miaka 80 hawezi kwenda vichakani usiku.

Kazi itaanza Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa moja asubuhi, mbele ya kanisa. Tunahitaji mafundi waashi, watu wa kuchota maji, na mwenye mkokoteni. Mwenye shoka alilete, kuna miti ya kukata kwa ajili ya kenchi. Mabati yatapokelewa nyuma ya sakristia na kuandikwa na Mtunza Hazina, hata kama ni bati moja. Misumari ya kofia tunaomba iwe mipya. Ile ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo haishiki upepo wa huku.