Jicho la Pili

Bendeji ya Bibi ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona baada ya miaka mitatu ya ukungu kilikuwa simu. Nyuma ya simu alisimama kijana mwenye fulana ya wafadhili, akimwambia, "Mama, angalia huku, tabasamu kidogo." Bibi akatabasamu.

Hiyo ilikuwa kambi ya macho ya bure, kwetu Kaloleni. Wazee walipimwa shuleni, wakapelekwa hospitalini kwa basi, wakapasuliwa, na kesho yake wakapangwa kwenye benchi kutolewa bendeji. Picha ya Bibi niliikuta mtandaoni, machozi yakimtiririka, na chini yake maneno ya kuomba michango. Nilichemka, bana. Nikampigia.

"Bibi, walikuomba ruhusa?"

Akacheka. "Mwanangu, mtu akikutoa kisimani, utamuuliza mbona kamba ameishika kwa mkono wa kushoto?"

Nikanyamaza. Kabla ya siku ile, Bibi alikuwa amempa mtu wa bodaboda noti ya elfu moja akidhani ni ya mia, na jamaa akaenda zake. Mimi nilikuwa Nairobi, nikiona vizuri kabisa, na sikuwa nimemsaidia kwa lolote.

Ubishi huu si wetu peke yetu. Januari 2023, MrBeast wa Marekani alitoa video ya watu 1,000 waliolipiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Wengine wakasema anauza shida za watu. Wengine wakajibu: sawa, na wewe umemponya nani? Jibu hilo linauma kwa sababu lina ukweli. Na kwetu, ukithubutu kuhoji msaada, kuna methali inakungoja mlangoni: asante ya punda ni mateke.

Lakini hebu tuangalie ni kitu gani hasa kinachotolewa. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu. Daktari anaitoa, anaweka ya bandia. Kwa mkono uliozoea, ni kazi ya dakika, si saa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na angalau bilioni 1 kati yao tatizo lao lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Dawa ipo, basi. Inayokosekana ni njia ya kuifikia.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa hiyo Bibi alikuwa anadai. Mdaiwa hakulipa, akaja mgeni akamlipia. Mgeni huyo anastahili asante, tena kubwa, na ni Bibi mwenyewe aliyenifundisha hivyo. Ila asante ni maneno ya mtu kwa mtu, na ikishatolewa imetolewa. Haimpi mgeni uso wa Bibi autumie mpaka achoke.

Hata hivyo, picha siyo iliyoniudhi zaidi. Bibi alipasuliwa jicho moja, akaambiwa la pili litafanywa kambi ijayo. Kambi ijayo haikuja. Mwaka ukapita, na wa pili. Tulipouliza tukaambiwa mradi umekwisha, wafadhili wamehamia kwingine. Bibi akaendelea kumimina chai nusu kikombeni, nusu mezani. Hapo ndipo nilipoelewa: picha ya kabla na baada inahitaji jicho moja tu. La pili halina habari mpya ya kumwambia mfadhili.

Huko Madurai, India, Dkt. Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya macho ya Aravind mwaka 1976, ikiwa na vitanda 11. Wenye uwezo wanalipa, na pesa hizo zinasaidia kuwatibu wasio nazo. Ninachokipenda hapo ni kitu kidogo: mlango unafunguliwa kesho hata kama leo hujamlilia mtu. Nadhani hicho ndicho kipimo cha msaada mwema. Usiulize tu kama ulimfanya mtu atabasamu. Uliza kama, akirudi na jicho la pili, atamkuta mtu.

Mwishowe sisi wenyewe tulichanga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Safari hii nilikuwa nimekaa mbele yake. Muuguzi akatoa bendeji, Bibi akanikagua kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwani hizo ndevu ni za lini?" Hakuna aliyepiga picha.

Ningependa kuishia hapo. Lakini jirani yake, mzee mgema wa tembo, alikuwa kwenye basi lile lile, na yeye pia alipasuliwa jicho moja. Hana mjukuu Nairobi wala kundi la WhatsApp. Minazi hapandi tena. Kila nikienda nyumbani huniuliza, "Wale watu wa picha watarudi lini?" Sina la kumwambia. Shati la kupigiwa picha, anasema, ameshalipiga pasi.